Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Kwihara Mwenyeji Yuko Wapi?

Likizo ya shule iliyopita nilikuwa Tabora kwa mambo ya kifamilia. Jumamosi moja niliwachukua watoto watatu, wawili wangu na mmoja wa dada yangu, tukaenda Kwihara. Kwa msomaji asiyepafahamu, Kwihara iko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, na hapo ndipo lilipo tembe linalojulikana kwa jina la Dk. David Livingstone, ambalo siku hizi ni makumbusho. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na ua katikati. Watoto waliipenda mara moja, kwa sababu ndani kulikuwa na ubaridi ilhali nje jua la Unyamwezi lilikuwa linachoma.

Niliwasimulia kama mwalimu anavyosimulia. Niliwaambia kwamba Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, kisha wawili hao wakaja hapa Februari 1872. Mwezi uliofuata Stanley akashika njia ya kurudi pwani, na Livingstone akabaki Kwihara hadi Agosti. Binti yangu, ambaye yuko darasa la tano, alikuwa akihesabu miezi kwa vidole.

“Baba, miezi yote hiyo alikuwa anasubiri nini?”

“Wapagazi,” nikamjibu. “Watu wa kumbebea mizigo.”

“Na hao wabeba mizigo wakifika hapa Tabora walikuwa wanalala wapi?”

Nilinyamaza. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, nina shahada ya uzamivu, na nimewahi kusahihisha mamia ya insha kuhusu ukoloni na uchumi wa Afrika Mashariki. Swali hilo sikuwahi kuulizwa, na mbaya zaidi, sikuwahi kujiuliza. Makala haya ni jibu nililochelewa kulitoa, pamoja na mashaka ambayo jibu hilo limeniachia kuhusu namna tunavyowaonyesha watoto wetu historia yao.

Nianze na huko kusubiri. Livingstone alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano kwa sababu bila wapagazi hangeweza kwenda popote. Stanley alipofika pwani alimwajiria watu 57, wakatembea kutoka pwani hadi Unyanyembe, nao wakawasili katikati ya Agosti 1872. Siku chache baadaye msafiri akaondoka. Ukilitazama jambo hili kwa utulivu, utaona kwamba nyumba ya Kwihara, kabla ya kuwa kumbukumbu ya kitu kingine chochote, ni kumbukumbu ya mtu aliyeketi akiwasubiri wapagazi. Elimu yake, dawa zake, shajara zake na sifa zake zote za Uingereza hazikumsogeza hatua moja mpaka walipofika watu wenye mabega ya kubeba na miguu ya kutembea.

Wapagazi hao hawakuishia kubeba mizigo. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake waliamua kuurudisha mwili wake kwao. Katika msafara huo walikuwamo Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, na alikuwamo mwanamke aliyeitwa Halima, mpishi ambaye marehemu alimsifu katika maandishi yake. Oktoba 1873 walipita Unyanyembe na mwili ule. Mwingereza Verney Lovett Cameron, waliyemkuta hapa, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, na Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster Abbey, London. Uamuzi mkubwa wa kisiasa na wa kiutu ulifanyika hapa Unyanyembe, na waliouamua walikuwa wapagazi na watumishi. Ni wangapi kati yetu tuliofundishwa hivyo?

Sasa nirudi kwenye swali la binti yangu. Wapagazi walilala wapi? Waliotoka pwani walilala katika vibanda na kambi, kama walivyozoea kulala njia nzima. Lakini wengi wa wapagazi wa njia hii ya kati katika karne ya 19 hawakuwa watu wa pwani. Walikuwa Wanyamwezi, watu wa hapa hapa. Msafara ulipowasili Unyanyembe, mpagazi wa Kinyamwezi alituma mzigo, akachukua ujira wake wa vitambaa, shanga au masango, akaenda kwake. Alilala nyumbani. Kulikuwa na mke, au mume aliyemsubiri mkewe, maana wapo wanawake waliosafiri na misafara. Kulikuwa na watoto, na kulikuwa na shamba. Wafanyabiashara na wapelelezi walilalamika sana katika vitabu vyao kwamba wapagazi hawapatikani wakati wa kilimo. Walikuwa wanalalamika juu ya watu waliokuwa na kwao. Mnyamwezi alipanga safari yake kwa kufuata majira: baada ya mavuno alishuka pwani, na mvua zilipokaribia alitaka awe amerudi kushika jembe.

Jibu hilo limenifanya niitazame Kwihara kwa jicho jingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, akakaa, akaondoka, na nyumba ikabaki na jina lake. Mwenyeji, ambaye alikuwa kwake muda wote huo, hana mlango wenye jina lake.

Hata hiyo nyumba haikuwa ya Livingstone. Stanley alipofika Unyanyembe katikati ya mwaka 1871 alipewa makazi Kwihara na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamelowea hapa. Mwaka huo huo aliingia pamoja nao katika vita dhidi ya Mtemi Mirambo wa Urambo, wakashindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Stanley akajifungia Kwihara na watu wake, akitoboa kuta ili kupitisha mitutu ya bunduki. Kwa maneno mengine, nyumba tunayowapeleka watoto wakaisome kama nyumba ya mmisionari mpole ilikuwa pia ngome ya kujihami dhidi ya mtu ambaye leo tumeipa jina lake mitaa na kambi ya jeshi. Mtoto anayejifunza kwamba Mirambo ni shujaa darasani, kisha akafika Kwihara, ana haki ya kuuliza: katika nyumba hii, sisi tulikuwa ndani au nje?

Sisemi kwamba Livingstone afutwe. Kufuta ni kazi ya wavivu. Aliishi hapa, aliandika hapa, na maandishi yake dhidi ya biashara ya watumwa yalikuwa na uzito katika shinikizo lililofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Chumba chake kibaki. Hoja yangu ni kwamba chumba kimoja cha mgeni hakiwezi kuwa nyumba nzima.

Tulinganishe na Songea. Makumbusho ya Majimaji, ambayo ni tawi la Makumbusho ya Taifa, yanabeba jina la vita vya watu wa kusini. Kila tarehe 27 Februari wanakumbukwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mtoto wa Songea akiingia pale hahitaji kutafuta babu yake yuko upande gani wa ukuta. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na Arusha kuna Makumbusho ya Azimio. Tabora, mji uliokuwa moyo wa njia iliyounganisha Bahari ya Hindi na Ziwa Tanganyika, unajulishwa kwa wageni katika vitabu vya watalii kwa jina la mtu aliyepita.

Na bado kumbukumbu ya wapagazi imo midomoni mwetu kila siku bila sisi kujua. Wazee husimulia kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kilichowafaa watu wa safari ndefu kwa sababu hakiozi wala hakina uzito mkubwa. Ikiwa simulizi hiyo ni ya kweli, basi mji huu umepewa jina la posho ya wapagazi. Bagamoyo, mwanzo na mwisho wa njia, wageni huelezwa kwamba jina lake ni kilio cha watumwa walioiacha mioyo yao bara. Ipo tafsiri nyingine, kwamba ni pumzi ya mpagazi aliyefika pwani akabwaga mzigo na moyo ukatulia. Na Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, ina jina la kikosi cha wapagazi wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Tumeyahifadhi majina, tukawaacha wenyewe.

Msomaji anaweza kuniuliza: hayo yote yanaihusu vipi familia inayotafuta mahali pa kwenda siku ya mapumziko? Yanaihusu moja kwa moja. Katika nchi hii tumezoea kuifikiria malikale kama bidhaa ya kumuuzia mgeni. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 ilifanya kazi yake ya kuwaita wageni, na sina ugomvi nayo. Lakini mtazamaji wa kwanza wa makumbusho ya Tabora hapaswi kuwa mtu wa Chicago. Anapaswa kuwa mtoto wa Ng'ambo, wa Cheyo, wa Kiloleni, wa Urambo na wa Sikonge, anayekuja na mama yake Jumapili baada ya ibada. Makumbusho yanayomfaa huyo yatamfaa na mtu wa Chicago pia. Kinyume chake hakiwi.

Na Tabora ina vya kutosha kuijaza siku nzima ya familia bila kwenda mbali. Siku inaweza kuanzia stesheni ya reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia iliyokanyagwa na wapagazi kwa miaka mingi. Mweleze mtoto kwamba Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora ya wakati ule, mwezi wa Novemba. Kisha mwonyeshe ratiba ya treni, atacheka mwenyewe. Kutoka hapo mnaweza kupita kulitazama Boma la Wajerumani, hata kama ni kwa nje tu, mkakumbuka kwamba Septemba 1916 mji huu ulitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo, wapiganaji wake wengi wakiwa Wakongo.

Halafu Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe. Huko ndiko kwa kumzungumzia Mtemi Isike, aliyewapinga Wajerumani, na ambaye Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa, alilipua ghala la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani. Baada yake mnaweza kwenda Shule ya Wavulana ya Tabora, ambako Julius Nyerere alisoma kabla ya kwenda Makerere mwaka 1943. Mwalimu alirudi kufundisha katika shule ya misheni hapa mjini baada ya masomo hayo, na ni hapa Tabora, Januari 1958, ambapo mkutano mkuu wa TANU ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliofungua njia ya uhuru kwa amani. Kutoka ngome ya Isike hadi mkutano wa TANU ni miaka 65 tu, na umbali wake mtoto anaweza kuumaliza kwa bajaji. Ni miji michache inayoweza kumpa mwalimu wa historia darasa la namna hiyo.

Siku iishie Kwihara, jioni, chini ya miembe. Miembe ya njia ya misafara nayo ni ushahidi: waliopita waliipanda, au waliitupa mbegu ikaota. Ikiwa ni msimu wa maembe, Tabora haihitaji kutangazwa zaidi ya hapo.

Najua kuna pingamizi, na nyingine ni nzito. Nitazijibu tatu.

Ya kwanza ni ya utumwa. Rafiki yangu mmoja, mtumishi wa umma, aliniambia: “Daktari, ukifungua mlango huo mbele ya watoto utaleta chuki. Kuna Waarabu Tabora, kuna Wamanyema, kuna Wanyamwezi, wote wanaishi vizuri. Kwa nini uwakumbushe?” Hoja yake ninaiheshimu kwa sababu imetoka kwa mtu anayeupenda mji wake. Lakini ukimya haujawahi kuwa upande wowote. Mtoto asiyeambiwa ukweli na makumbusho ataambiwa nusu ya ukweli mtaani, na nusu hiyo ndiyo yenye chuki.

Ukweli wenyewe hauwagawi watu katika makundi mawili safi. Baba yake Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, kama Tippu Tip mwenyewe alivyoeleza katika kitabu cha maisha yake alichokitunga kwa Kiswahili. Nyumba ya Mwarabu na nyumba ya mtemi zilikuwa ukoo mmoja. Wapo Wanyamwezi ambao, kwa ujira wa upagazi na biashara ya pembe, walinunua watumwa wa kulima mashamba yao wakati wao wakiwa safarini. Mpagazi huru aliyelipwa ujira wake angeweza kuwa bwana wa mtumwa nyumbani. Na njiani, mpagazi huru na mateka waliofungwa minyororo waliweza kutembea katika msafara mmoja. Ukiwasimulia watoto kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa, umewanyang'anya Wanyamwezi kazi waliyoijua na kuiringia. Ukiwasimulia wapagazi peke yao, umewazika mara ya pili wale waliofungwa minyororo.

Wala jambo hili si la kale kama tunavyojidanganya. Wajerumani hawakuufuta utumwa; walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria iliyoukomesha kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba wapo wasomaji wa ukurasa huu ambao babu wa babu yao, au bibi wa bibi yao, alizaliwa akiwa mali ya mtu. Wengine ni wajukuu wa mwenye mali. Wengine ni wajukuu wa wote wawili, na ninadhani hao ndio wengi. Makumbusho yanayoweza kuyasema hayo kwa lugha ya upole, mbele ya familia zote, yanajenga amani iliyo imara kuliko ya kunyamaza.

Na inawezekana kuwasimulia watoto. Zanzibar, Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, wanafunzi huletwa wakaziona sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, na visiwa havijazama. Kigali, wenzetu wa Rwanda walipojenga kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walitenga sehemu maalumu kwa ajili ya watoto waliouawa. Kama Rwanda imepata ujasiri wa kusema juu ya jambo la juzi, sisi tunaogopa nini juu ya jambo la karne ya 19?

Pingamizi la pili ni la fedha. Shule hazina matundu ya vyoo ya kutosha, zahanati zinahitaji dawa, na wewe unazungumzia makumbusho? Ninalijua swali hili na ningeuliza hivyo hivyo. Lakini ninachokiomba si jengo jipya. Nyumba ipo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tunayo Sera ya Malikale ya mwaka 2008. Tunalo somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linafundishwa kwa Kiswahili. Orodha ipo, sera ipo, somo lipo. Pengo liko kati ya ofisi na ofisi: ya elimu, ya malikale na ya halmashauri. Kuliziba pengo hilo kunahitaji barua, kikao na mtu mmoja wa kufuatilia, kabla ya kuhitaji bilioni.

La tatu ni la soko: watalii wanamtaka Livingstone. Sawa, waje kwa Livingstone. Lakini mtu aliyesafiri kutoka Ulaya hadi Kwihara ni mtu anayetaka kujua. Mwambie kuhusu Halima, Susi na Chuma, na kuhusu wapagazi waliomkalisha msafiri maarufu miezi mitano. Ataondoka na habari ambayo hakuja nayo, na atakwenda kuwasimulia wenzake.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, yote ya kuanzia mwaka huu.

Kwanza, vyumba vya Kwihara vigawanywe upya kimaana: kimoja cha mgeni, kimoja cha wapagazi, kimoja cha waliotekwa na kuuzwa, na kimoja cha Unyanyembe yenyewe, yaani watemi, wake zao, wakulima na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili. Jina nalo lijadiliwe na watu wa Tabora wenyewe. Mimi ningeiita Makumbusho ya Njia ya Misafara, lakini mimi ni mmoja tu.

Pili, watoto washike vitu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mwingine ulizidi hapo. Utengenezwe mzigo wa mfano unaolingana na umri wa mtoto, aubebe begani kuuzunguka ua mara tatu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna hotuba itakayomfundisha mtoto methali hiyo kama mizunguko hiyo mitatu. Awekewe kitambaa cha merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba, aambiwe anunue chakula cha siku kumi na kulipa hongo kwa watemi wa njiani. Hiyo ni hesabu, uchumi na siasa katika mchezo mmoja. Mwishoni apewe kipande cha tobolwa, ale.

Tatu, lugha. Maelezo ukutani yaanze kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtoto wa darasa la tatu, na yawepo ya Kinyamwezi kwa ajili ya bibi aliyekuja na wajukuu. Lugha za wageni zifuate.

Nne, wanafunzi wa vyuo vya Tabora wafundishwe kuongoza wageni, na walipwe. Kazi ya kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, ilikuwa ya heshima na ilikuwa ya ujira. Hatuwezi kuwaenzi wapagazi waliodai haki yao kwa kuwatumia vijana bila malipo.

Tano, safari za shule. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ujenzi wa kuelekea Tabora umekwisha kuanza. Siku itakapofika hapa, mtoto wa Dar es Salaam ataweza kuifuata njia ya wapagazi ndani ya siku moja. Tusisubiri siku hiyo ndipo tuanze kufikiri tutamwonyesha nini akishuka.

Namalizia na wewe msomaji, hasa mwanafunzi wangu ambaye kwenu ni Tabora, Urambo, Nzega au Ujiji. Usiingoje wizara. Ukienda likizo, msalimie bibi, kaa naye, umuulize: babu zake walikuwa wakienda wapi mavuno yakiisha? Walibeba nini, walirudi na nini, na nani hakurudi? Muulize pia yale ambayo familia haipendi kuyasema, kwa adabu, na akikataa usimlazimishe. Andika tarehe, andika majina ya vijiji, hifadhi sauti yake katika simu yako. Wazee wenye simulizi hizo wanapungua kila mwaka, na wao hawamo katika orodha yoyote ya urithi.

Binti yangu nilimpa jibu lake wiki mbili baadaye, tukiwa mezani. Nikamwambia kwamba wapagazi wengi, wakifika Tabora, walilala nyumbani kwao. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa nini basi hatukwenda kuziona nyumba zao. Sina jibu la swali hilo pia. Ninalileta kwenu, hasa ninyi mlio maofisini.